Kijiti cha Bi Harusi

Mama Kwato alimsikia Bi Harusi kabla ya kumwona. Alikuwa ameinamia fuawe, nyundo mkononi, mgongo kaupa mlango, na barabara ya mawe huko nje ikamletea habari kama kawaida yake: ko, ko, ko, kimya kidogo, halafu ko moja hafifu, kama mtu anayegonga mlango wa jirani aliyemkosea.

"Mbele, kushoto," alisema bila kugeuka.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mbele kushoto, si ndiyo?"

"Ndiyo, kushoto. Na habari niliyokuja nayo ni mbaya, kwa hiyo weka hiyo nyundo chini nisije nikaionja."

Huyu shemeji alikuwa mdogo wa marehemu mume wake, na kwa miaka kumi na moja alikuwa dereva wa gari la farasi katika kiwanda cha matofali, akimwendesha huyo huyo farasi jike mmoja. Farasi mwenyewe alikuwa wa kahawia, miguu yote minne myeupe hadi magotini, na alitembea kwa madaha hata akiwa na mzigo wa tofali mia tano nyuma yake. Ndiyo maana wakamwita Bi Harusi. Siku hiyo madaha yalikuwepo ila kila alipofika kwenye mguu wa kushoto alitikisa kichwa juu, kama anayekataa jambo.

Mama Kwato aliweka nyundo chini. "Haya, sema."

"Meneja amesema Ijumaa. Lori la machinjio linakuja Ijumaa asubuhi."

"Linakuja kumchukua nani?"

"Shemeji, na wewe! Linichukue mimi?"

Hakucheka. Alifuta mikono kwenye eproni yake ya ngozi, kidole kimoja kimoja, na Shemeji, ambaye alimjua, akasogea nyuma ya farasi.

"Kwa kosa gani?" aliuliza Mama Kwato.

"Daktari wa mifugo alimtazama jana. Kasema kifundo cha mguu kinauma, na kwa umri wake huenda ndiyo basi tena. Meneja akasikia hilo la 'basi tena' tu, mengine yakampita. Ila Daktari mwenyewe atakuwepo Ijumaa kutia sahihi. Kasema kama kuna anayejua sababu nyingine ya mguu ule kuuma, alete siku hiyo."

"Miaka kumi na moja!" Mama Kwato alianza, na pale alipoanza, wenye kazi zao wangefanya vizuri kuketi. "Miaka kumi na moja anavuta tofali za nyumba ambazo Meneja hata kuzihesabu hawezi. Mvua ile kubwa, lori zote zimelala, nani alitoa udongo chimboni? Mwaka ule mashine ilipokufa, nani alikuwa mashine? Leo mguu unauma siku nne, basi tena! Mimi goti langu linauma mwaka wa sita huu. Na mimi mnipakie?"

"Lori lenyewe dogo, shemeji."

Hapo ndipo alipocheka, kidogo, upande mmoja wa mdomo.

Kazi ya kwato hakufundishwa na mtu. Alipokuwa msichana alisimama dirishani kwa mhunzi mmoja miezi saba, akitazama kwa nje, kwa sababu mhunzi alimwambia mwanamke akiingia ndani farasi watashtuka. Miaka thelathini na tano imepita na bado anaikumbuka siku, saa, na shati alilovaa mhunzi yule, lilikuwa na kifungo kimoja cha rangi tofauti. Ukwato wa kwanza alikata kwa kisu cha jikoni. Sasa alikuwa ndiye fundi wa farasi tisa wa kiwanda, wale waliopita kwenye njia nyembamba katikati ya mabanda ya kukaushia tofali, mahali ambapo lori likiingia haligeuki.

Na alikuwa na ukuta wake.

Miaka mingi nyuma, meneja mwingine, siye huyu, alimsingizia kwamba amemchoma farasi msumari kwenye nyama ya ukwato. Haikuwa kweli, lakini hakuwa na cha kuonyesha, akakaa nje ya kazi mwaka mzima. Siku aliporudi alianza kutundika. Kila kiatu cha mbele alichokitoa mguuni mwa farasi alikitundika ukutani chini ya jina la mwenyewe, na tarehe kwa chaki. Viatu vya miaka mitatu vilikuwa ukutani. Vya zamani zaidi vilijaa mapipa manne huko nyuma. Kando ya viatu vya kila farasi kilining'inia kijiti chenye alama za kisu: alama moja ya urefu wa ukwato upande wa ndani, nyingine upande wa nje, kwa kila mguu. Akishakata kucha za farasi anasimamisha kijiti, anapima, anagonga kiatu kipya kwa umbo la kile cha zamani, biashara imekwisha. Alikuwa akiwaambia madereva: "Mkubwa atasahau. Daktari atasahau. Ninyi nyote mtasahau. Ukuta huu hausahau."

"Ni yule," alisema sasa, akiinua mguu wa Bi Harusi na kuubana katikati ya magoti yake. "Ni Fundi Cheti."

Fundi Cheti alikuwa kijana mwenye gari dogo jeupe, na ndani ya gari hilo, juu ya kiti cha abiria, alikuwa ameweka cheti chake cha chuo ndani ya fremu ya kioo. Wiki tano zilizopita, Mama Kwato alipokwenda kwa binti yake aliyejifungua, Meneja alimleta huyo apige viatu vya farasi wawili. Ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba Meneja alimpenda. Cheti kilisomeka. Tena Fundi Cheti alisema "ndiyo bosi", maneno mawili ambayo mdomo wa Mama Kwato ulikuwa haujawahi kuyaweka pamoja.

"Inawezekana," alisema Shemeji, akitazama dari.

"Inawezekana nini? Ni yeye! Amemchoma msumari, au ameukaza mno. Nipe koleo."

Akaanza. Alikunjua ncha za misumari, akaing'oa mmoja mmoja, taratibu, akimtazama farasi masikio. Msumari uliokaribia nyama ukitoka, farasi hushtuka au huvuta pumzi, na tundu lake huwa na unyevu. Msumari wa kwanza, Bi Harusi alitulia. Wa pili, akapiga miayo. Wa tatu, akaanza kutafuna kola ya shati la Shemeji. Yote sita ilitoka mikavu na safi. Mama Kwato akachukua koleo kubwa la kupimia maumivu, akaubana ukwato huku na huku akizunguka: kisigino, ubavu, mbele. Bi Harusi hakujali kabisa.

"Hakuna kitu humu," alisema Mama Kwato. Alisema kama mtu aliyefungua sanduku la kufuli na kukuta hewa.

"Si vizuri hivyo?"

"Si vizuri hata kidogo! Kama ni msumari, ninautoa, namkanda, Ijumaa anacheza. Kama si msumari..."

Alichukua kiatu cha Fundi Cheti, akakigeuza juu chini kwenye mwanga wa mlango. Upande wa nje ulikuwa umelika, chuma kimekuwa chembamba kama ukingo wa sahani. Upande wa ndani ulikuwa mnene, karibu mpya. Farasi alikuwa akikanyaga kwa ubavu.

"Unaona? Unaona alivyompindisha mtoto wa watu? Wiki tano tu!" Akaenda ukutani kwa hatua za ushindi. "Ngoja nikuonyeshe kiatu cha mwisho nilichompiga mimi, kile ulichonitundikia wewe Cheti alipokitoa. Uone kiatu cha mtu asiye na cheti kinavyolika."

Akakitoa msumarini, akakigeuza.

Shemeji aliona mgongo wake ukitulia.

Akatoa kingine. Na kingine. Akaacha kuvitazama mkononi, akaanza kuvipanga sakafuni, kimoja baada ya kingine, kuelekea nyuma, tarehe baada ya tarehe. Vyote vimelika upande wa nje. Cha wiki kumi na moja zilizopita, cha mwanzo wa mwaka, cha mwaka jana wakati wa mvua. Kumi na tano, kumi na sita. Kilipofika cha kumi na nane, chuma kilikuwa kimelika sawasawa pande zote mbili, kama pete. Na cha kumi na tisa vilevile.

"Miaka miwili," alisema Mama Kwato polepole. "Kulitokea nini miaka miwili iliyopita?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye unayejua hata shati nililovaa siku ya harusi yako."

"La bluu, na halikuwa lako." Lakini alisema bila furaha, kama anayejibu usingizini. Alikuwa ameinua mkono na kukishika kijiti cha Bi Harusi.

Alama za mguu wa kulia zilikuwa za zamani, zimeingia weusi wa mikono ya miaka mingi. Alama ya nje ya mguu wa kushoto, vilevile. Lakini ya ndani ilikuwa mbili: moja nzee iliyofutwa kwa mkwaruzo, na nyingine chini yake kidogo, unene wa njiti mbili za kiberiti. Na mkwaruzo ule ulikuwa wa kisu chake. Hakuna mtu mwingine aliyekata kwa kuinamisha hivyo.

Kumbukumbu ikamjia yote kwa mpigo. Bi Harusi alikuwa amekwama mguu kwenye mfereji, ukwato ukapasuka upande wa ndani, ufa kutoka chini hadi nusu ya njia. Yeye mwenyewe alishusha upande ule ili ufa usibebe uzito. Ilikuwa kazi nzuri, kazi ya akili. Akakata alama mpya kwenye kijiti na kusema: ya muda tu hii, viatu viwili vitatu, ufa ukishuka narudisha. Ufa ulishuka, ulikwisha, ukasahaulika. Alama ikabaki. Na kila wiki sita, kwa miaka miwili, fundi asiyesahau alikuja na kijiti chake, akapima, akaona kimelingana, akaridhika. Hakuutazama ukwato. Alitazama kijiti.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Shemeji," alisema, "ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliyempindisha ni mimi."

Shemeji akaanza kujikuna shingo, na kujikuna kule Mama Kwato alikujua tangu zamani. Ndivyo alivyojikuna siku redio ilipoanguka kisimani.

"Una neno," alisema Mama Kwato. "Liteme."

"Shemeji, usikasirike."

"Nimeshakasirika na mimi mwenyewe, wewe utakuwa wa pili. Sema."

"Yule Fundi Cheti... siku ile... aliuona. Alipouinua tu mguu akasema, 'Mbona huu umekaa upande, niunyooshe kidogo?' Na mimi nikamwambia..." Akajikuna zaidi. "Nikamwambia, kijana, Mama Kwato alikuwa anapiga viatu wewe ukinyonya. Fuata kiatu cha zamani kama kilivyo, ama hilo gari lako litaondoka hapa bila magurudumu."

"Ulimwambia hivyo?"

"Kwa heshima yako, shemeji!"

Mama Kwato alikuwa anatafuta hasira yake, na haikuwa pale ilipokaa siku zote. Badala yake kikaanza kicheko, kikapanda kutoka tumboni, kikamtikisa mabega, hadi Bi Harusi akageuza kichwa kutazama kulikoni. "Bila magurudumu!" alisema akifuta macho. "Lo, jamani! Kwa hiyo mwenye macho alikuwa mmoja tu, na sisi wawili tukamfumba."

Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu aliiona Ijumaa.

Mguu ungeweza kunyooka. Alijua namna: kushusha upande wa nje kidogo leo, kidogo baada ya wiki sita, kidogo tena, maana ukiusawazisha kwa mpigo mmoja kifundo kilichozoea kupinda kitavutika na kuuma zaidi. Leo angempa nafuu, lakini nafuu ya siku tatu haimdanganyi daktari. Ili Bi Harusi asipakiwe, ilibidi Daktari aelewe kwamba kifundo hakijaisha, kimechoshwa tu, na kwamba aliyekichosha anajulikana. Na wa kulisema hilo mbele ya Meneja alikuwa mmoja. Na Meneja alikuwa akilisubiri neno la namna hiyo kwa miaka minne.

"Tunaweza kusema ni Cheti," alisema Shemeji kwa sauti ya chini. "Nani atajua?"

"Ukuta unajua."

"Ukuta hauna mdomo, shemeji."

"Una mdomo. Ni huu wangu." Akasimama, akachukua tupa kubwa. "Shika farasi. Tena nisikusikie tena na wazo hilo. Mimi nilisingiziwa mwaka mzima. Najua lilivyo na ladha."

*

Ijumaa asubuhi uani mwa kiwanda lori lilikuwa limeshafika, mlango wa nyuma wazi, dereva wake ameegemea gurudumu akila karanga. Madereva wanane wa magari ya farasi walikuwepo, eti wanakaza mikanda. Meneja alisimama na saa yake. Alikuwa mtu mwenye suruali safi. Katika miaka minne hakuwahi kuinua mguu wa farasi hata kwa bahati mbaya. Kando yake alisimama Fundi Cheti, aliyeitwa, inaonekana, ili ajionee nafasi inavyofunguka. Daktari wa mifugo, mwanamke kijana mwenye buti za mpira na kalamu sikioni, alikuwa amemaliza kumtazama Bi Harusi akitembea.

"Mchakamchaka," alisema Daktari.

Shemeji alikimbia, Bi Harusi akakimbia kando yake juu ya mawe. Kichwa kilitikisika bado, lakini kidogo.

"Ana nafuu," alisema Daktari, amekunja uso. "Ajabu. Jumatatu alikuwa vibaya zaidi."

"Nafuu ya kupumzika tu," alisema Meneja. "Daktari, tia sahihi, mwenye lori ana safari."

"Mimi sina haraka," alisema mwenye lori, akitema ganda.

Hapo Mama Kwato aliingia uani. Begani alibeba gunia, na gunia lilikuwa likilia chuma kwa chuma. Alilimwaga mbele ya buti za Daktari kwa kelele iliyowafanya farasi wote watoe vichwa mabandani, akapiga magoti, akaanza kupanga viatu mstari mmoja.

"Nini tena hii?" aliuliza Meneja. "Soko?"

"Mwanangu," Mama Kwato alimwambia Daktari, bila kumjibu Meneja, "uliuliza sababu nyingine. Anzia huku, uende hivi. Ni mguu uleule, viatu kumi na tisa. Niambie unaona nini."

Daktari alichuchumaa. Alivigeuza kimoja kimoja. Mwenye lori aliendelea kutafuna karanga zake.

"Hivi viwili vya zamani viko sawa," alisema Daktari. "Kuanzia hapa anakanyaga ubavu. Miaka miwili! Basi kifundo si uzee hiki. Kimekuwa kikivutwa upande mmoja kila hatua." Akainua macho. "Kwa nini ghafla hapa?"

Mama Kwato alitoa kijiti mfukoni mwa eproni. Alikuwa amehutubia ua ule mara nyingi. Alihutubia kuhusu paa la banda, kuhusu maji ya farasi, kuhusu buti za madereva, na hakuwahi kukosa neno. Sasa ulimi ulikuwa mzito kama fuawe.

"Kwa sababu ya alama hii," alisema. "Nilishusha upande wa ndani kwa ajili ya ufa, nikasema nitarudisha. Sikurudisha. Kila mara nimekata kwa kufuata kijiti bila kuutazama mguu. Kosa ni langu. Si la farasi, si la umri, na si la huyu kijana." Akamwelekezea Fundi Cheti kidevu. "Huyu aliuona. Akazuiwa."

"Na mimi ndiye niliyemzuia," alisema Shemeji, mkono juu kama yuko darasani. "Nilimtishia magurudumu."

Fundi Cheti alikohoa. "Kweli alinitishia. Mpaka leo nikiegesha hapa naacha mtu wa kulinda." Madereva wakapasuka kwa kicheko. "Lakini, Mama," aliendelea, akichuchumaa naye mbele ya mstari wa viatu, "hivi huwa unavitunza vyote? Vya farasi wote? Chuoni hatukuwahi kuona kitu kama hiki."

"Kwa hiyo ni wewe," alisema Meneja. Alisema taratibu, kama anayenyonya mfupa. "Wewe unayemfundisha kila mtu kazi yake."

"Ni mimi."

Madereva waliomjua miaka ishirini walitazamana. Walikuwa wamemsikia akisema maneno mengi pale uani, ila hayo mawili hayakuwahi kuwemo.

Daktari alisimama, akatoa kalamu sikioni. "Sitii sahihi kwa farasi mwenye mguu unaonyosheka. Apumzike, atembezwe polepole, asivute kitu, anyooshwe kidogo kidogo. Baada ya wiki sita nitarudi."

"Vizuri sana," alisema Meneja. "Farasi abaki. Fundi aondoke. Huyu hapa anayeona ataanza leo."

Hakuna aliyesema "kaa". Watu waliokuwepo bado wanabishana nani alianza. Wengi wanasema ni yule dereva mnene wa gari la tatu, kwa sababu miguu yake huchoka mapema. Alivuta tofali mbili, akazipanga, akaketi. Wa pili akaketi. Wote wanane wakaketi juu ya tofali, mikono magotini, mikanda ya farasi imelala chini, na Shemeji akaketi pale alipokuwa, hatamu mkononi, chini ya kidevu cha Bi Harusi. Mashine ya kufyatulia ilikuwa ikinguruma ikisubiri udongo.

"Ni nini?" aliuliza Meneja.

"Tunapumzisha mguu," alisema dereva mnene. "Daktari kasema."

Meneja akamgeukia Fundi Cheti. Fundi Cheti akatazama gari lake jeupe, akatazama magurudumu yake, akatazama kijiti mkononi mwa Mama Kwato. "Bosi," alisema, "mguu kama huu unamalizwa na anayejua ulivyopindishwa. Mimi nisingeugusa."

Ilikuwa mara ya kwanza kusikika akisema "bosi" bila "ndiyo".

"Meneja," alisema Mama Kwato, na sauti yake ilikuwa imerudi, "unakumbuka mwezi wako wa kwanza hapa? Gari lako lilizama kwenye udongo wa chimbo, jipya, bado lina nailoni kwenye viti. Ulisimama juu ya boneti na viatu mkononi. Nani alikuvuta?"

Meneja akamtupia Bi Harusi jicho.

"Soksi zilikuwa na mistari," aliongeza Mama Kwato.

Mwenye lori alicheka hadi akapaliwa na karanga, ikabidi apigwe mgongoni. Na hata Meneja, ambaye uso wake haukuzoea kucheka, alishindwa kuuzuia upande mmoja wa mdomo. Mashine ilinguruma bure. Akatazama saa.

"Wiki sita," alisema. "Yeye na wewe. Akichechemea siku hiyo, mnatoka wote wawili kwenye mlango mmoja."

"Tutakuwa na mazungumzo njiani," alisema Mama Kwato.

*

Alirudi karakana, akashusha vijiti vyote tisa, akavivunja kwenye goti zima, akavitia motoni. Viatu aliviacha. Kiatu kilisema farasi alivyotembea, na hilo alihitaji kulijua. Kijiti kilisema tu yeye alichowahi kuamua. Tangu siku hiyo, kila farasi alipofika, alimtembeza kwanza huku na huko, akalala kifudifudi sakafuni, shavu juu ya jiwe, kutazama kwato zinavyotua. Madereva walimwita Mjusi. Akawaambia mjusi naye ana macho mazuri kuliko wao wote.

Fundi Cheti alianza kupita kila Jumatano, mwanzo kwa kisingizio cha kuazima tupa, baadaye bila kisingizio. Alileta daftari, akawa ananakili ukuta. Mama Kwato alimkaripia kwa namna alivyoshika nyundo, naye akamwonyesha jinsi ya kupima ukwato kwa kuutazama kutoka nyuma, kisigino kwa kisigino, kitu ambacho dirisha la mhunzi wa zamani halikumwonyesha kwa sababu lilikuwa upande wa mbele. Alilikumbuka hilo na kumtukana mhunzi upya, miaka thelathini na tano baadaye, kwa sababu mpya.

Bi Harusi alitembezwa asubuhi na jioni, hatua za polepole, na Shemeji kando akilalamika kwamba sasa yeye ndiye anayefanya mazoezi.

Siku ya wiki sita Mama Kwato hakwenda uani. Alisema ana kazi. Aliinamia fuawe, mgongo kwa mlango, na kiatu alichokuwa akikigonga kilikuwa kimeshapoa, lakini aliendelea kukigonga. Kisha akaacha.

Barabara ya mawe ilikuwa inaleta habari. Ko-ko, ko-ko, ko-ko, ko-ko. Mchakamchaka, kutoka uani, kupita mabanda ya kukaushia, kuja kwake. Alisikiliza kwa macho yaliyofungwa. Miguu minne, uzito mmoja. Alirudia kuhesabu, kwa sababu sasa alikuwa mtu wa kurudia kuhesabu.

"Shikamoo, shemeji!" Shemeji alifika mlangoni akihema, jasho tupu. "Daktari katia sahihi kwamba kapona! Meneja kasema 'haya', kaingia ofisini!"

"Marahaba. Wewe ndiye unayechechemea sasa. Mguu wa kulia."

"Kiatu kinabana." Akaegemea mlango. "Shemeji, sasa yamekwisha, si ndiyo? Lile la kumtishia Fundi Cheti, lile la magurudumu. Utaacha kulisimulia?"

"Lipi?" alisema Mama Kwato, akiinua mguu wa Bi Harusi na kuutazama kutoka nyuma, kisigino kwa kisigino. "La Jumanne, saa nne asubuhi, umevaa kofia ya mwenzako? Cheti kanisimulia yote. Nitaacha mara tu nikilisahau."

Bi Harusi akanyoosha shingo, akaanza kuitafuna kola ya Shemeji.